Mguu wa mama na chanjo ya 2021
Dada, umeuliza kama mguu wa mamako uliovimba juzi umesababishwa na AstraZeneca, chanjo ya korona aliyochanjwa 2021. Hapana. Damu kuganda kwa ajili ya chanjo ile ni nadra sana, na hutokea wiki chache tu baada ya sindano: kingamwili (kinga za mwili wenyewe) huchokoza chembe sahani, zile chembe zinazogandisha damu, damu ikaganda huku chembe zenyewe zikipungua.

Linalonitia hofu ni huo mguu mmoja. Shangazi yangu wa Likoni tulimkanda mafuta ya nazi siku tatu, shavu la mguu lina moto, kumbe ni bonge la damu mshipani. Tafadhali msimkande! Bonge likichomoka huenda mapafuni. Mpeleke leo hii akapigwe altrasaundi, na akianza kuhema, msingoje hata kuvaa buibui.