Jibu: Kuchapisha mchoro wangu kwenye kitambaa cha mavazi ya igizo

Dada, maua uliyochora kwenye simu yanaweza kuchapwa, ila amua kitambaa kwanza. Sablimesheni, ile njia ya kuchapa mchoro kwenye karatasi kisha kuuhamishia kitambaani kwa mashine ya joto, hushika kwenye poliesta nyeupe au ya rangi hafifu. Kwenye pamba tupu rangi huondoka ukifua. Ukitaka pamba, tafuta mchapaji mwenye wino wa pamba. Faili liwe na nukta 150 kwa inchi, yaani ua la inchi 8 lifike nukta 1,200 kwa upana. Na tafadhali, usilipie mita zote kabla ya kuona kipande cha majaribio! Kifue, kianike, kisha kitundike jukwaani ukitazame kutoka viti vya nyuma. Ukiona madoa tu, kuza ua.