Teem: kujaa, kuzaa au kumimina?

SWALI: Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu. Kitenzi "teem" nimezoea kukieleza kuwa ni kujaa tele, kama mto uliojaa samaki. Juzi mwanafunzi kaniletea sentensi "it was teeming down", habari ya mvua. Mwingine kakuta kwenye kamusi kwamba maana yake ya kale ni kuzaa. Je, ni neno moja lenye maana tatu? Na kwa Kiswahili tulitafsirije?

JIBU: Mwalimu, hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwenye tahajia moja. La samaki na la kuzaa ni lilelile. La mvua lina ukoo wake.

Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1066, kitenzi hiki kilikuwa "teman", maana yake kuzaa. Kilitokana na nomino "team", ambayo enzi hizo ilitaja uzao wa mtu, na pia wanyama waliofungwa nira pamoja. Ni "team" hiyohiyo iliyokuja kuwa kundi la wachezaji, nasi tukaipokea tukaiita timu. Teem na timu, basi, ni ndugu wa tumbo moja.

Maana ya kuzaa iliishi muda mrefu. Katika King Lear ya Shakespeare, mfalme anamwapiza bintiye Goneril awe tasa, kisha anaongeza: "If she must teem", yaani ikiwa hana budi kuzaa, basi apate mtoto wa kumtesa. Ukiweka "kujaa" hapo, laana yote inapotea.

Kutoka kuzaa hadi kujaa si mbali: maji yanayozaa sana hujaa viumbe. Fungua Mwanzo 1:20. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inaamuru maji "bring forth abundantly", yazae kwa wingi; tafsiri ya NIV inatumia "teem"; na Biblia yetu ya Union inasema "Maji na yajawe kwa wingi". Ndiyo maana kitenzi hiki kinapendeza zaidi kwa vyenye uhai na pilikapilika: samaki, siafu, watu sokoni. Waingereza husema pia kichwa kina-teem mawazo, lakini hawasemi hivyo kwa kikombe kilichojaa chai.

La mvua lililetwa na Waskandinavia waliohamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Kwao "tœma" ni kumwaga hadi chombo kibaki kitupu. Hata leo Mdenmaki akisema "tom" anamaanisha tupu. Katika viwanda vya feleji vya Sheffield, mji wa Uingereza, neno hili lilikuwa la kazi: "teemer" ndiye aliyekishika chungu kwa koleo na kumimina feleji iliyoyeyuka ndani ya kalibu. Kwa hiyo, kwa asili, kitenzi kimoja kinajaza na kingine kinaacha chombo kitupu, karibu kinyume kabisa. Waeleze wanafunzi hivyo waziwazi. Wanaelewa haraka kuliko kukaririshwa maana tatu.

Sasa tafsiri. Kosa ninalolisahihisha mara kwa mara ni la wakati. "The river is teeming with fish" wengi huandika "mto unajaa samaki", na hapo msomaji anaona samaki ndio kwanza wanaingia. Hali iliyokwisha kutimia tunaipa -me-: mto umejaa samaki tele. Kiingereza kinaruhusu pia kugeuza, "fish teem in the river", na Kiswahili hakina taabu nayo: samaki wamejaa mtoni. Kwa watu, tumia kufurika au kusongamana: soko limefurika watu. Mvua nayo ibaki kwenye -na-, kwa sababu bado inashuka: mvua inamiminika.