Nyumba ya kukarabati: nilivyojifunza kutaja bei

Nyumba yangu ya kwanza niliinunua Makorora, hapa Tanga, mwaka 2016. Wenyewe walitaka milioni 40. Tukavutana wiki mbili, wakashuka hadi 33. Siku ya kusaini nilipita kununua kuku wa kukaanga na soda za nyumba nzima, maana mtu aliyeokoa milioni saba si ana haki ya kusherehekea? Masika yaliyofuata ukuta wa chumba cha watoto ukaanza kutoka jasho, choo kikawa kinarudisha, na fundi aliyepanda darini kutafuta panapovuja akashuka haraka kuliko alivyopanda. "Dada," akaniambia, "huku juu hakuna mbao, kuna unga."

Mpaka namaliza nilikuwa nimeongeza milioni 14. Nyumba ya jirani, nzima, yenye tailizi na uzio, ilikuwa imeuzwa 42.

Nimelifikiria sana lile kosa, na nikagundua halikuwa kwenye kuvutana. Kuvutana nilivutana vizuri. Nilikosea kwa kuanza na ile 40, nikawa nahesabu nimeshusha kiasi gani, kama vile 40 ilikuwa na maana yoyote. Baadaye nilikuja kuambiwa ilitoka wapi: warithi walikuwa wanne, kila mmoja alitaka kumi. Hakuna aliyepanda darini kuhesabu mbao.

Mwaka 2021 nikaanza kutafuta tena, safari hii Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Nyumba za kule wengi wenu mnazijua: baraza mbele, ukumbi katikati unaokupeleka moja kwa moja hadi uani, vyumba huku na huku. Dalali akanionyesha moja, wenyewe wanataka 45. Nikasema nitarudi, sikutaja kitu. (Dalali alikuwa anaongea na mdogo wangu wa kiume muda wote, mimi mwenye hela nimesimama pembeni. Nikamwacha aendelee. Mtu asiyekuhesabu huropoka mbele yako, na huyu aliropoka kwamba nyumba ina miezi minane sokoni.)

Kabla ya yote nilitaka kujua nyumba ya namna ile, mtaa ule ule, ikiwa nzima kabisa, watu wanainunua kwa ngapi. Wanainunua, nasisitiza, maana bei anazotaja dalali ni za kutangazia. Nikatafuta watu watatu walionunua karibuni, mmoja mteja wangu wa kushona, wawili kupitia kwa mjomba anayeswali nao. Anayetafuta nyumba hufanya siri, lakini aliyeshanunua anapenda kusimulia. Nikapata kati ya 52 na 58. Nikaandika 55 kwenye daftari, na hiyo ndiyo niliyoanza kuikata.

Sasa ukaguzi. Nilimlipa fundi 30,000 ya siku na nikamwambia mapema kwamba kazi yenyewe, kama itakuwepo, haitakuwa yake. Alinuna kidogo, lakini ni muhimu. Fundi anayenusa kazi atakwambia "hii ndogo tu, bosi" ili ununue, kisha ukishanunua kila siku kitu kipya. Akijua hapati kazi, hana sababu ya kukudanganya.

Tulianza na kuta, na hapo naomba nikae kidogo, kwa sababu mjini kwetu hapa ndipo pesa zinapopotea. Nyumba nyingi za zamani Ngamiani ni za fito na udongo, ila zimepigwa plasta ya saruji ndani na nje na kupakwa rangi, kiasi kwamba kwa macho huwezi kuzitofautisha na za tofali. Fundi alitoa ufunguo wa pikipiki akaanza kugonga, anasogea hatua moja moja, sikio karibu na ukuta. Ko, ko, ko. Vyumba vya mbele vyote, ko. Tulipofika ukuta wa nyuma ukajibu bu. Akagonga chini kidogo: bu. Akachomeka msumari pembeni ya fremu ya dirisha, ukazama wote bila nyundo, na ulipotoka ulikuwa na udongo mwekundu. "Huu wamemwachia babu," akasema. Yaani watoto walijenga upya kwa tofali mbele, panapoonekana, wakaishiwa kabla hawajafika nyuma.

Kama kuta zote zingejibu bu, ningefunga daftari pale pale. Nyumba ya hivyo hununui nyumba, unanunua kiwanja chenye kifusi kilichosimama. Uliza kiwanja kitupu mtaa huo kinaenda ngapi, toa gharama ya kubomoa na ya lori la kuzoa, labda rudisha kidogo kwa ajili ya milango kama ni ya mbao ngumu za zamani, na bei yako imeishia hapo. Habari za vyumba vingapi na choo cha ndani waache waseme tu.

Kitu kingine cha pwani ni chumvi. Ukuta unaopauka na kupukutika unga mweupe kimo cha magoti una unyevu unaopanda kutoka chini, au plasta yake ilichanganywa na mchanga wenye chumvi. Kupaka rangi hakusaidii, unabandua plasta yote ya eneo hilo na kupiga upya. Ndiyo maana mimi rangi mpya iliyopakwa futi tatu za chini peke yake inanitisha kuliko ukuta uliobanduka.

Paa tulilikagua saa saba mchana. Funga madirisha na milango, zima taa, panda darini au toboa kwenye silingi bodi iliyolegea, tazama juu. Upepo wa bahari unakula bati, na matundu madogo usiyoyaona ukiwa barabarani yanawaka kama nyota. Pale palikuwa na nyota, na popo pia. Fundi akachoma kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa bisibisi. Kwenye mbao nzima inagota, kwenye zile zilizoliwa na mchwa ilizama kama kwenye andazi. Nyufa hazikunisumbua. Zile nyembamba kama unywele ni za plasta tu. Ungekuwepo ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha na kumeza sarafu ya shilingi 200, hapo tungezungumza habari za msingi, na msingi ni hesabu nyingine kabisa. Umeme tulifungua soketi mbili, waya wake ukakatika mkononi. Sikuhitaji kujua zaidi.

Nilirudi mara nyingine siku ya mvua, peke yangu, nikazungumza na majirani. Maji yanatuama wapi, mtaro unafanya kazi, choo huwa kinafurika? Wakanijibu vizuri. Wote walisema hakuna shida ya maji.

Daftari likasomeka hivi. Paa, bati na mbao na fundi, milioni 6.2. Ukuta wa nyuma kubomoa na kujenga, 2.8. Umeme 1.8. Choo na shimo jipya 3. Plasta ya sehemu zenye chumvi 1.2. Milango na madirisha 2. Jumla milioni 17, kwa bei nilizopata mwenyewe dukani wiki ile. Juu yake nikaongeza robo nzima, milioni 4 na laki mbili unusu, ya vitu ambavyo havijaonekana. Watu wananiambia asilimia 10 inatosha. Inatosha kwenye nyumba mpya. Nyumba ya zamani hujui kilicho nyuma ya kitu mpaka umekibomoa.

Kisha gharama ambazo hazina fundi. Wakili, ushuru wa stempu, ada za kuhamisha hati: nikaweka 1.2. Kodi ya nyumba niliyokuwa napanga kwa miezi mitano ya ukarabati, 600,000, kwa sababu huwezi kulala kwenye nyumba isiyo na paa huku umeiita yako. Jumla kuu ikawa milioni 23 na vichenji. Ukitoa kwenye 55 inabaki 32.

Lakini 32 inamaanisha nitavuja jasho miezi mitano, nigombane na mafundi, nilale na vumbi, halafu nifike pale pale alipo mtu aliyenunua nyumba nzima kwa 55 na kuhamia Jumamosi. Kwa nini nifanye hivyo? Kwa hiyo 32 nikaiandika kama ukuta, nisiouvuka hata dalali akilia machozi. 30 ndiyo niliyoitaka. Na 27 ndiyo ya kuanzia. Nikaziandika zote tatu kabla sijaenda, kwa kalamu ya wino, kwa kuwa najijua.

Kabla sijaenda kuongea nilipitia karatasi, maana nazo huharibika kama bati. Nyumba ilikuwa ya mirathi. Katika hali hiyo anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mimi nikataka pia warithi wote wasaini kwamba wamekubali, asije akatokea mmoja wa Dodoma mwaka kesho na mashtaka. Kama hakuna mirathi na muuzaji ana mwenza, ridhaa ya mwenza lazima. Fanya upekuzi kwa msajili wa hati ujue kama kuna mkopo juu yake na hati imebakiza miaka mingapi kabla ya muda wake kuisha. Malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi yatazuia uhamisho mpaka yalipwe, kwa hiyo ulizeni mapema nani analipa. Na ukisikia "bei ya mkononi" simama. Maana yake muuzaji anataka kiasi hicho kimfikie kizima, na kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida anayoipata kwa kuuza, ambayo kisheria ni yake, inahamia kwako kimya kimya. Yote haya ni pesa, yaandike kwenye daftari lile lile.

Siku ya mazungumzo dalali alinipigia asubuhi kunijulisha kuna mtu yuko Muscat anatuma hela Ijumaa. Mtu huyu wa Muscat nimemsikia tangu 2016, naamini ana nusu ya Tanga sasa hivi.

Tulikaa barazani. Bi mkubwa, ndiye msimamizi, akaleta kahawa na kashata.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na bei?"

Nilianza na milango yake ya mvule, ambayo kweli ni mizuri, na ukumbi ulivyo na hewa. Msiitukane nyumba ya watu mbele yao. Pale walizaliwa, pale walimtolea baba yao jeneza. Ukisema "hili gofu" umeshaikosa hata ukipandisha bei. Kisha nikafungua daftari nikasoma, kitu kimoja kimoja, bila kuongeza neno. Nikamalizia na 27.

"Mwanangu, hiyo si bei ya kiwanja?"

"Ya kiwanja ni chini ya hapo, bi mkubwa. Niliuliza."

Akanyamaza, akamwita mwanawe mkubwa. Yule akachukua daftari, akalisoma taratibu kama mwalimu anayesahihisha, akaweka kidole kwenye choo. Shimo, akasema, lilichimbwa 2015, twende ukaone. Tukaenda, tukafunua mfuniko, alikuwa na haki. Nikafuta laki nane mbele yake. Huo ndio uzuri wa kwenda na orodha: ubishi unakuwa juu ya shimo, haubaki juu ya sura yako na ubahili wako, na mwenzio akishinda jambo moja anakuwa mwepesi kwenye mengine. Ukuta wa nyuma hakuugusa. Alijua.

Tuliachana siku ile wao wakiwa 38. Sikupiga simu. Wiki ya tatu walipiga wao, na tukaishia 31 na nusu, wao wakilipa malimbikizo ya kodi ya ardhi na kumrudishia mpangaji wa chumba cha uani kodi yake ya miezi minne ili aondoke kwa heri. Kama ingekuwa 33 ningeiacha, na nasema hivyo nikijua nilishaanza kuota pazia za ukumbini.

Ile orodha ya milioni 17 ilikuja kugharimu karibu 20 na nusu. Bati zilipanda, lakini nyingi ilikwenda uani. Mafundi walikuwa wanachimba msingi wa ukuta wa nyuma, sururu ikapiga hewa, ardhi ikashuka na kutuachia tundu la kina cha mtu mzima. Ikabidi kujaza kifusi, kushindilia, kumwaga zege na nondo upya. Tukiwa tumelizunguka tunaliangalia, bibi wa nyumba ya pili, ambaye siku ile ya mvua nilimuuliza yote hayo ya maji, akachungulia juu ya ukuta na bakuli lake la mchele.

"Hapo si ndipo kilipokuwa choo cha zamani?" akasema. "Mbona hukuniuliza?"