Maswali ya Wasomaji: Mama Hajawahi Kuiona Bahari, na Sisi Tuko Kumi

SWALI: Mama Mshauri, pokea salamu zetu kutoka Kamalondo, hapa Lubumbashi. Mimi na wadogo zangu tumemaliza mzunguko wa likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana fedha kwa zamu, na tumekubaliana kwamba fedha hizo tuzitumie kumpeleka mama yetu Zanzibar wakati wa likizo kubwa ya Julai. Mama ana miaka 76, ana presha, na magoti yake yanamsumbua sana. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli. Aliwahi kufika Dar es Salaam mara moja, akamletea mama kombe la bahari ambalo hadi leo liko juu ya kabati lake. Mama hajawahi kuiona bahari yenyewe.

Tutakuwa kumi: mama, mimi na mume wangu, watoto wetu watatu wa miaka 14, 9 na 4, mdogo wangu na mkewe pamoja na mtoto wao ambaye kwa sasa ana miezi minane, na mtoto wa dada yetu aliyefariki, mwenye miaka 12, ambaye baba yake anafanya kazi Kolwezi. Mdogo wangu anataka sote twende kwa barabara na treni ili fedha zitoshe, mume wangu anasema ni ndege au hakuna safari, na watoto wanataka hoteli yenye bwawa la kuogelea. Mimi nimechoka kuwapatanisha. Tuanzie wapi?

Mama Watatu, Lubumbashi

JIBU: Mpendwa Mama Watatu, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikitafuta jambo moja tu: mama yenu anasema nini. Umenieleza anachotaka mdogo wako, anachotaka mume wako, na hata bwawa wanalolitaka watoto, lakini sikuona mahali ambapo mtu aliketi na mama akamuuliza angependa kusafiri namna gani, akae siku ngapi mbali na nyumba yake, alale na nani chumbani, na ni kitu gani kinachomtia hofu. Naomba mwanzo uwe hapo. Mkae naye jioni moja bila watoto, na msimpelekee uamuzi uliokwisha kupikwa, kwa sababu mzee anayepelekwa kwa heshima kubwa lakini bila kuulizwa huishia kunyamaza safari nzima ili asiwaharibie wengine furaha, na maumivu yake mtayajua mkiwa mmesharudi nyumbani.

Tuje kwenye njia. Kutoka Lubumbashi hadi Zanzibar ni karibu kilomita 1,400 kwa anga, na familia zetu nyingi huruka kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, kupitia Nairobi au Addis Ababa. Kwa ardhi, mtavuka Kasumbalesa, mtashuka hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kisha mtapanda treni ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, ambayo reli yake ina urefu wa kilomita 1,860 hadi Dar es Salaam. Baada ya hapo bado kuna boti ya kwenda Unguja, ya saa mbili hivi. Ninaelewa kwa nini mdogo wako anaipenda njia hiyo, hasa kwa mtoto wa mtu wa reli. Lakini treni hiyo huhesabiwa kwa siku, na huchelewa mara nyingi. Goti la mtu wa miaka 76 haliwezi kupanda ngazi za behewa, kuchuchumaa katika choo kinachotikisika, kisha kusimama kwenye foleni ya boti kwa sababu tu fedha zimebaki mfukoni. Mama, mtoto mchanga na huyo wa miaka minne waende kwa ndege, na mama asitenganishwe na wewe. Kama mdogo wako bado ana hamu ya reli, aende yeye na kijana wako wa miaka 14, baada ya kuhakikisha kwamba treni ya abiria inatembea wiki hiyo, na atoke siku nne au tano kabla yenu. Kijana huyo atamjua babu yake kwa namna ambayo hoteli haiwezi kumpa. Awe tu na barua ya ruhusa yenu wazazi wawili, kwa kuwa atavuka mipaka bila ninyi.

Mnapokata tikiti ya mama, ombeni papo hapo kiti cha magurudumu. Huduma hiyo hailipiwi, lakini mashirika ya ndege hutaka kuarifiwa mapema, kwa kawaida saa 48 au zaidi kabla ya safari. Msione haya, wala mama asione haya. Anaweza kutembea vizuri sebuleni kwake, lakini katika kiwanja kikubwa cha ndege mwendo kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni mrefu kuliko kutoka nyumbani kwake hadi sokoni. Mchagulieni kiti cha kando ya njia ili ainuke na kunyoosha miguu bila kuwaruka watu, na dawa zake za presha zikae kwenye mkoba wake wa mkononi, katika paketi zake za asili, pamoja na karatasi ya daktari. Sanduku linaweza kupotea siku tatu. Presha haisubiri siku tatu.

Sasa karatasi, na hapa nakuomba usilale. Kila mmoja wenu, hata huyo mchanga, anahitaji pasipoti yake mwenyewe, na pasipoti kumi hazitoki kwa wiki moja. Habari za viza ziulizeni katika Ubalozi Mdogo wa Tanzania uliopo hapo Lubumbashi, msizichukue kwa jirani aliyesafiri mwaka juzi. Mtoto wa marehemu dada yenu ndiye ninayemwogopea zaidi, kwa sababu ndiye ambaye familia husahau karatasi zake: baba yake wa Kolwezi aandike ruhusa ya safari, ihalalishwe, iambatanishwe na nakala ya kitambulisho chake na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, pamoja na cheti cha kifo cha mama yake, kabla hamjafika mbele ya maafisa wa DGM, yaani idara ya uhamiaji. Nimewahi kuona familia ikigawanyika pale uwanjani, mtoto mmoja akirudishwa nyumbani na shangazi huku wenzake wakipanda ndege, na kile kilio sijakisahau.

Kadi ya njano ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kongo kuingia Tanzania. Cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya chanjo, na tangu mwaka 2016 kinadumu maisha yote, kwa hiyo atakayechanjwa siku mbili kabla ya safari atakuwa amechelewa. Mtoto wa miezi minane achanjwe akifikisha miezi tisa, kama ratiba ya kliniki inavyotaka. Kwa mama, tafadhali msimpeleke tu kwenye foleni ya sindano: mtu aliyevuka miaka 60 ambaye hajawahi kupata chanjo hiyo ana hatari kubwa zaidi ya madhara yake kuliko kijana, ingawa madhara hayo ni nadra. Daktari wake ampime kwanza, na akiona haimfai, atoe cheti cha kimatibabu kinachoeleza hivyo, nanyi mkionyeshe ubalozini mapema mjue kama kitapokelewa. Lakini kwanza mtafute katika makaratasi yake ya zamani. Pengine alichanjwa zamani, baba yenu akiwa hai.

Wekeni pia kwenye hesabu bima ya Zanzibar, ambayo tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ni lazima kwa mgeni, dola 44 kwa mtu mzima. Ninyi watu wazima watano ni dola 220, na watoto hulipa pungufu. Ongezeni Go-Pass, ada ya abiria pale Luano. Na kwa kuwa sisi wa Lubumbashi tumezoea kulipa kwa dola hata kwa mkaa, jueni kwamba kanuni za Tanzania za mwaka 2025 zinakataza malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Badilisheni benki au katika duka la fedha lenye kibali. Mifuko ya plastiki nayo imepigwa marufuku huko, kwa hiyo unga wa bukari (ugali) na dagaa ambavyo najua mama atataka kubeba vifungwe kwenye mifuko ya nguo.

Kuhusu majira, mmechagua vizuri. Julai ni wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini: mvua za masika zimekwisha na jua halichomi kama la Januari. Ni msimu wa wageni wengi pia, na bei hupanda, kwa hiyo nyumba itafutwe sasa. Nasema nyumba, sisemi hoteli. Watu kumi katika vyumba vitano vya hoteli ni watu kumi wanaotafutana. Katika nyumba moja yenye jiko na baraza, mama ataamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida yake, atawasha chai, na mjukuu atakayeamka wa kwanza atamkuta.

Lakini ulizeni ngazi. Nilipompeleka mama yangu, nilipanga chumba Mji Mkongwe baada ya kuona picha za mlango mzuri wa kuchongwa na kitanda cha kale, na mwenye nyumba hakuniambia, wala mimi sikumuuliza, kwamba chumba hicho kiko ghorofa ya tatu. Ngazi zilikuwa za mbao, nyembamba, kila moja ikinifika karibu na goti, na pembeni palikuwa na kamba badala ya mkono wa kushikia. Mama alipanda mara moja, akakaa juu siku mbili. Alikuwa akiniambia hana hamu ya kutoka. Siku ya tatu nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya kwanza, viatu mkononi, akizihesabu zilizobaki chini, ndipo nikaelewa. Kwa hiyo, ombeni picha ya njia kutoka gari hadi kitandani, na picha ya bafu. Nendeni Mji Mkongwe siku moja, asubuhi kabla ya joto, mwone kanisa lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Misafara iliyofika soko hilo ndiyo pia iliyokileta Kiswahili kwetu bara, na watoto wenye miaka 9 na kuendelea wanaweza kuelezwa hayo wakaelewa.

Kwa kulala, mimi ningechagua pwani ya mashariki, Jambiani au Bwejuu, ingawa wengi watawaambia Nungwi. Kweli, kaskazini bahari haiondoki mbali, na anayetaka kuogelea saa yoyote atafurahi huko. Mashariki maji yakipwa huenda mbali mno, hasa wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, na mgeni asiyejua hudhani ameuziwa ufuko usio na bahari. Lakini fikirini magoti ya mama. Mchanga mkavu na laini humzamisha mzee kila hatua. Mchanga ulioachwa na maji yaliyokupwa asubuhi hiyo ni mgumu na tambarare kama uwanja uliofagiwa, na mama ataweza kutembea juu yake, mkono begani mwa mjukuu, hadi karibu na akina mama wanaolima mwani, awasalimu na kuzungumza nao kwa lugha yake mwenyewe. Maji yakijaa, watoto wataogelea ndani ya miamba ambako mawimbi makubwa hayafiki, mtu mzima akiwa nao daima. Wavae viatu vya maji kwa ajili ya urumbu, wale wanyama wa baharini wenye miiba, na mama abebe shali, kwani upepo wa kusi pwani hiyo ni mkali. Ratiba ya kupwa na kujaa muulizeni mwenye nyumba kila jioni, na shughuli za kesho mzipange kwa hiyo. Wafundisheni watoto kabla ya safari kusema shikamoo kwa wakubwa, kwa sababu "jambo" yetu ya hapa nyumbani huko ni salamu ya watalii.

Siku kumi zinatosha, na kati yake msiweke matembezi siku mbili mfululizo. Watoto wakiona kombe zuri ufukoni, waliangalie na kuliacha. Kuyatoa makombe nchini bila kibali hakuruhusiwi, na isitoshe, nkambo wao, yaani bibi yao, ana la kwake tayari.

SWALI: Mama Mshauri, nasi tunampeleka baba yetu Zanzibar mwezi Agosti. Ana kisukari na anajidunga insulini mara mbili kwa siku. Tunaogopa joto na kukatika kwa umeme. Je, abaki?

Mtoto wa Likasi

JIBU: Asibaki, ikiwa daktari wake ameridhika na hali yake. Insulini isiwekwe kamwe kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, kwa sababu inaweza kuganda, na ikiganda imeharibika hata kama inaonekana safi. Aibebe mkononi na barua ya daktari, akiwa na akiba mara mbili ya anayohitaji, na nusu yake iwe katika mkoba wa mtu mwingine. Chupa anayoitumia kwa kawaida hustahimili wiki nne hivi nje ya friji mahali pa kivuli pasipozidi nyuzi 25 hadi 30, kama karatasi ya dawa inavyoelekeza. Zile ambazo hazijafunguliwa zikae frijini, mbali na barafu. Umeme ukikatika, funga chupa katika kitambaa kikavu, uziweke ndani ya chungu kidogo kilichotumbukizwa katika chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, mahali penye upepo. Zanzibar iko mbele ya Likasi kwa saa moja tu, kwa hiyo nyakati za sindano hazitasumbua sana. Kinachosumbua ni ndege kuchelewa na chakula kukosekana: awe na biskuti na juisi ndogo anayoweza kuinunua baada ya ukaguzi, na anayeketi karibu naye ajue dalili za sukari kushuka, yaani jasho la ghafla, mikono kutetemeka, na maneno kuchanganyikana. Ufukoni asivue viatu hata mara moja, kwa kuwa mguu wa mwenye kisukari unaweza kukatwa na tumbawe asisikie maumivu, na kila jioni mmoja wenu aitazame miguu yake, hadi katikati ya vidole.