Usizifute Nyota Zenye Paralaksi Hasi

Nilipoanza kuchambua data ya Gaia, chombo cha anga cha Ulaya kilichopima mahali pa nyota, nilikuta nyota nyingi zenye paralaksi hasi (paralaksi ni mhamo mdogo wa nyota angani unaoonekana Dunia inapolizunguka Jua), nami nikazifuta zote kabla ya kufanya hesabu yoyote. Niliona ni busara, kwa kuwa umbali wa nyota hupatikana kwa kugawanya moja kwa paralaksi, na hakuna nyota iliyo katika umbali ulio chini ya sifuri. Zilipita wiki kadhaa ndipo nikatambua kwamba mstari ule mmoja wa programu ulikuwa umeharibu kazi yote.

Toleo la tatu la data ya Gaia, lililotoka Juni 2022, lina magimba yapatayo bilioni 1.8, na wingi huo humfanya mgeni aamini kwamba makosa yatamezwa na idadi. Hayamezwi, kwani kosa linaloelemea upande mmoja hubaki vilevile hata nyota zikiongezeka mara mia.

Kilichonifungua macho ni uigaji mdogo wa kompyuta, ambao mistari kumi ya lugha ya programu ya Python inautosha. Buni nyota 10,000, uziweke zote katika umbali wa Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, yaani miaka ya nuru 163,000 hivi, ambako paralaksi halisi ni milisekunde 0.02 za tao (kipimo cha pembe ndogo sana). Kisha iongezee paralaksi ya kila nyota kosa la nasibu, la kuzidisha au kupunguza, lenye mchepuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) wa milisekunde 0.1, kiasi cha kawaida kwa nyota hafifu za Gaia. Zaidi ya nyota 4,000 zitapata paralaksi hasi, ingawa hakuna hata moja yenye kasoro. Zifute, utafute wastani wa paralaksi zilizobaki, na Wingu lile litasogea hadi miaka ya nuru 37,000 hivi. Ziache, na wastani utarudi karibu sana na 0.02.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi watengeneze kwanza anga ya kubuni, waipitishe katika programu ileile watakayoitumia kwa data halisi, na ikiwezekana mwenzao ndiye achague umbali wa kweli na kuuficha hadi mwisho.

Hata hivyo, uigaji hufichua tu kasoro ulizozitia ndani yake. Kwazari, yaani viini ving'aavu vya galaksi, zilizo mbali mno kiasi kwamba paralaksi zao zinapaswa kuwa sifuri, zilionyesha kwamba Gaia ilipima pungufu kwa milisekunde 0.017 hivi, karibu sawa na paralaksi nzima ya Wingu lile. Anga yangu ya kubuni isingeweza kunionya; onyo lilikuwamo katika maelezo yanayoambatana na data, ambayo sikuwa nimeyasoma.