Miche ya mboga ihamishwe asubuhi au jioni?

SWALI: Ndugu Mhariri, miche yangu ya nyanya na sukuma wiki imefikia kutolewa kitaluni. Jirani yangu, mkulima wa siku nyingi, hupanda asubuhi kwa sababu udongo umepoa. Msimu uliopita nilimfuata, na miche mingi ikanyauka kabla ya adhuhuri. Je, nipande saa ngapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, panda jioni, kuanzia saa kumi na moja. Mche unapong'olewa hukatika vinyweleo vingi vya mizizi, ambavyo ndivyo vinavyofyonza maji, ilhali majani yake huendelea kupoteza maji kadiri jua na upepo vinavyozidi. Kwa hiyo mche uliopandwa asubuhi katika mji mkavu na wenye upepo kama Dodoma hukutwa na jua kali kabla mizizi haijashika udongo mpya. Ukipandwa jioni, una usiku mzima wa kujirudi. Ni kweli, kama asemavyo jirani yako, kwamba udongo wa asubuhi umepoa, lakini ubaridi huo haudumu. Siku yenye mawingu mazito au manyunyu unaweza kupanda saa yoyote.

Hata hivyo, naona wengi wetu tunahangaikia saa na kukisahau kitalu. Kimwagilie vizuri saa chache kabla ya kung'oa, kisha utoe kila mche pamoja na donge la udongo wake na kuuweka katika shimo lililokwisha kuloweshwa. Nyanya unaweza kuifukia hadi karibu na majani ya chini, kwa kuwa shina lake huotesha mizizi mipya. Weka matandazo, na uikinge miche na jua kwa siku tatu au nne za mwanzo.

Jioni nayo ina adui wake, kiwavi aitwaye sota, ambaye hutoka usiku na kukata mashina machanga usawa wa ardhi. Zungushia kila shina kipande cha karatasi ngumu kinachozama kidogo udongoni. Maji ya jioni uyamwage shinani, kwani majani yanayolala yameloa hukaribisha magonjwa ya ukungu.

Mboga zinazopandwa kwa mbegu moja kwa moja shambani, kama mchicha, karoti na bamia, hazihitaji kuchaguliwa saa, mradi udongo usikauke hadi zitakapoota.