Wembe wa kukunja: ful holo, hafu holo au weji kwa ndevu zetu hizi?

Vijana wa hapa Mwanga, Kigoma, wakiniona nanyoa na wembe wa kukunja swali ni lilelile, bro ninunue upi, na wengi washaangalia video wanataka ful holo tu, eti ndio mkali kuliko zote. Si kweli jamani. Makali yanatoka kwenye jiwe na mkanda wa ngozi, weji ikinolewa vizuri inakata kama kawaida.

Holo maana yake ubavu wa wembe umechimbwa pande zote mbili kwa jiwe la kuzunguka, chuma inabaki nene mgongoni halafu inazidi kuwa nyembamba kuelekea kwenye makali. Weji haijachimbwa au imechimbwa kidogo sana, ukiitazama kwa nchani iko kama shoka, na nyembe nyingi za zamani za Sheffield kule Uingereza utazikuta hivyo. Ful holo ni ile iliyochimbwa sana, ndio wamezizoea watu wa Solingen, Ujerumani. Hafu holo iko katikati.

Ful holo ina raha yake, sikatai. Inaimba, unasikia kabisa kila unywele unavyokatika, na kuinoa ni rahisi kwa sababu kinachogusa jiwe ni mgongo na ukingo mwembamba wa makali basi, wakati weji inalaza karibu ubavu mzima utasugua mpaka uchoke. Shida ni kidevuni. Ndevu za kipilipili zilizokomaa ukizipelekea chuma nyembamba vile inapinda, inarukaruka, na we ndio unaanza kukandamiza, hapo damu haiko mbali. Weji yenyewe inapita tu kwa uzito wake ila iko kimya, haikwambii kitu.

Kwa hiyo mimi natumia hafu holo, na anayeanza namwambia hivyohivyo, achukue upana wa 5/8 ya inchi, ulaze kwenye ngozi kama digrii 30 hivi na mkono uwe mwepesi.

Halafu kuna vipele, hili ndio kubwa kwetu kuliko hata aina ya wembe. Nywele iliyojikunja ukiikata chini sana inarudi kuingia kwenye ngozi, inavimba, na ful holo ukinyoa kinyume na nywele huku umeivuta ngozi inakata chini kwelikweli. Nyoa zinakolalia, pita mara moja, kibaki kivuli kidogo, nani anakupima?

Hapa Kigoma na unyevu wa ziwa, chuma ya kaboni, ile inayoshika kutu upesi, usiiache bafuni hata siku moja. Futa, kausha, paka mafuta ya cherehani kidogo. Sio mawese tafadhali, najua yapo kila nyumba lakini yanagandia.

Ukinunua mtumba uelekeze kwenye mwanga, pitisha macho taratibu kwenye makali utafute ufa, hasa ful holo maana wembamba wake unapasuka upesi, ukiuona rudisha, ufa haunolewi. Cheki na mgongo, ukiwa umelika bapa pana upande mmoja ujue ushasuguliwa vibaya na mtu. Na mdogo wako akiuomba mwambie anunue wake, mambo ya damu hayo hatuazimani.